Gego la Seremala

Seremala aliingia kliniki saa tatu kasoro asubuhi, mkono mmoja umeshika shavu la kushoto, mwingine umebana kipande cha msasa kilichokunjwa mara nne. Alipokifungua juu ya meza ya mapokezi, ndani mlikuwa na kipande cha jino, kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele, upande mmoja cheupe na upande wa pili kimeingia weusi.

"Shikamoo, mzee," alisema daktari.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kiporo cha mdomo wangu. Jana nakula maharage, nikasikia kitu kinalia ka! Nikadhani jiwe. Nikalitafuta hilo jiwe sahani nzima, mke wangu ananitazama tu. Kumbe jiwe lenyewe ni mimi."

Daktari alicheka, akachukua kile kipande na msasa wake, akamwongoza hadi chumba cha ndani. Asubuhi ile alikuwa peke yake. Msaidizi wake alikuwa amejifungua wiki iliyopita, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyepokea wagonjwa, ndiye aliyeandika kadi, ndiye aliyechemsha vyombo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na mvi zimemtoka juu ya masikio, lakini pale mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Binti Daktari. Kwa watu wale daktari alikuwa mmoja tu, naye ni baba yake, aliyeziba meno katika vyumba hivyohivyo viwili kwa miaka thelathini na minne. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu wamzike.

Alimlaza Seremala kitini, akavuta taa, akamwambia afungue kinywa.

Lilikuwa gego la chini, kushoto, lile kubwa la kwanza. Pembe moja upande wa ulimi ilikuwa imekatika hadi karibu na ufizi. Katikati ya jino kijazo kilikuwa kimesimama vilevile, cha madini, kijivu, kimelika kidogo kwa kutafuna. Daktari alikisafisha kwa maji, akakipuliza hewa, akaleta kioo karibu. Hapo mkono wake ukasita.

Aliijua kazi ile. Kila daktari wa meno ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Baba yake alipochonga mifereji ya juu ya gego, ule wa katikati aliumalizia kwa kuupindisha kidogo kuelekea shavuni, kama mtu aliyeinua kalamu kabla ya kufika mwisho wa mstari. Zamani daktari alikuwa akiukuta mpindo ule karibu kila siku, katika vinywa vya walimu, madereva, mabibi wa sokoni. Kisha mwaka hadi mwaka ukapungua. Wengine walifariki nao, wengine meno yaling'oka, na vijazo vingine alivitoa yeye mwenyewe kwa mikono yake. Alikuwa hajauona kwa miaka mitatu.

"Hili kaziba baba," alisema taratibu.

"Sasa angeziba nani?" Seremala alitoa kioo mdomoni ili apate kusema vizuri. "Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Shimo lilikuwa kubwa, nikipumua upepo unaingia, naruka kama nimepigwa na umeme. Baba yako akaziba. Nikamuuliza, daktari, umetia gundi gani? Akaniambia hakuna gundi hata tone. Nikamwambia usinitanie, mimi ni fundi. Basi akageuza kadi yangu, akanichorea: shimo jembamba mdomoni, pana chini. Madini yakiingia laini na kukauka humo, hayana pa kutokea. Nikacheka sana. Ndivyo tunavyofunga droo za makabati mazuri! Urafiki wetu ulianza hapo."

Daktari alimpiga picha ya jino, akaitazama kwenye kompyuta, halafu akaigeuza kompyuta ili na mzee aone. Hakuwa na desturi hiyo kwa kila mgonjwa, lakini huyu alikuwa fundi, na fundi hupenda kuona kitu kimeungwaje.

"Tazama, mzee. Hiki cheupe kabisa juu ndiyo madini ya baba, fedha na bati na shaba vilivyopondwa na zebaki. Kazi yake ni kutafuna. Lakini madini yana ubaya mmoja, yanapitisha baridi na moto. Ukinywa maji ya barafu, mshipa unapata habari palepale. Kwa hiyo chini yake unaona hili tabaka jingine? Hiyo ni saruji. Inabeba uzito wa madini na inazuia baridi isipite. Na chini ya saruji, karibu kabisa na mshipa, baba alipaka dawa ya chokaa."

"Chokaa kama ya ukutani?"

"Ndugu yake. Ni laini kama chaki, haiwezi kubeba kitu. Ukiiweka peke yake, siku moja tu umeitafuna. Lakini inaliambia jino lijitetee. Ona hapa." Aliweka ncha ya kalamu juu ya utepe mwembamba uliokuwa kati ya chokaa na kile kivuli cha mshipa. "Huu ukuta haukuwepo alipoziba. Shimo lilikuwa limebakiza unene wa ganda la yai. Huu jino lako limejenga lenyewe, polepole, huku chokaa inalihimiza, saruji inaifunika chokaa, na madini yanailinda saruji."

Seremala alitazama muda mrefu. "Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Makabati yangu machache yamefika huko."

Jino lilikuwa hai. Alipoligusa kwa pamba yenye baridi mzee alikunja uso. Daktari akamweleza kwamba madini lazima yatoke, kwa sababu ukuta uliobaki hauwezi tena kuyabana, kisha pembe iliyokatika ataijenga upya kwa resini, ile dawa nyeupe inayobandikwa. Akampiga sindano ya ganzi, akakaa kwenye kigoda chake kusubiri imkolee.

Neno kubandika lilikuwa limemtoka kirahisi, lakini lilimrudisha pabaya. Alikuwa na miaka thelathini na mitano aliporudi pale kutoka hospitali kubwa, amejaa elimu mpya, na mikobani mwake mna taa mbili za buluu za kugandishia resini. Kwa miezi kadhaa walifanya kazi pamoja, baba chumba hiki, binti chumba cha pili. Siku moja aliingia akamkuta baba yake anachonga shimo pana katika jino la dada mmoja, naye akasema, mbele ya mgonjwa, "Baba, siku hizi hatuchimbi mashimo kama ya kupanda migomba. Tunabandika." Yule dada akacheka. Baba yake aliweka chombo chini, akajibu, "Sawa, mama," akamaliza kazi yake kimya. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha kuja kliniki. Alisema amechoka. Miaka minne baadaye aliaga dunia, na binti hakupata kamwe kulirudia lile neno, wala kuomba radhi. Kila alipojaribu, baba yake alikuwa akimuuliza habari za wagonjwa.

"Unajua wewe ulinipa mwanafunzi mzee kuliko wote niliowahi kufundisha," alisema Seremala ghafla. Mdomo ulikuwa umeanza kufa ganzi na maneno yalitoka yamelala upande mmoja.

"Mwanafunzi gani?"

"Baba yako. Ule mwaka wa mwisho wake hapa. Kila alasiri yuko karakana kwangu, kakaa juu ya gogo, ananiuliza gundi. Aliniambia, binti yangu anabandika, mimi maisha yangu yote nimebana. Nifundishe kubandika."

Daktari aligeuza kigoda, akamtazama.

"Nikamfundisha, kwani ningefanyaje? Nikamwambia gundi haishiki penye vumbi, haishiki penye maji, wala haishiki penye utelezi. Lazima ukwangue kwanza kwa msasa ili ipate pa kuota mizizi. Akapiga makofi! Akasema ndivyo binti yangu anavyofanya, lakini msasa wake ni asidi. Basi siku nyingine akaja na chupa ya meno yaliyong'olewa. Tunayafunga kwenye jiliwa ninayobania mbao, yeye anajaribu. Alikuwa na taa ya buluu. Sijui aliipata wapi."

Daktari alijua ilikotoka. Alikuwa na taa mbili, na moja ilipotea kwa miezi, akailaumu safari, akamlaumu mfagizi, halafu siku moja akaikuta kabatini imefutwa vumbi.

"Alishindwa?" aliuliza.

"Mkono haukushindwa. Macho ndiyo yaliyomwangusha. Alikuwa amekwenda kwa madaktari wa macho wakamwambia yameharibika kwa nyuma, hayana miwani. Madini aliyaona, kwa sababu ni meusi juu ya cheupe. Lakini hii dawa yenu ni nyeupe kama jino lenyewe. Alikuwa hajui jino linaishia wapi na dawa inaanzia wapi. Siku ile alijaribu jino moja mara tatu. Kisha akaniambia, rafiki yangu, afadhali niache wakati bado naziba vizuri. Na usimwambie binti yangu. Akijua sioni atapunguza mwendo kunisubiri." Mzee alijifuta mate kidevuni. "Sasa nimesema. Ni hii sindano yako imenilegeza ulimi."

Daktari alisimama, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono ambayo ilikuwa safi. Akanawa tena. Aliporudi uso wake ulikuwa umefunikwa na barakoa, na hilo lilimfaa.

Aliyakata madini kwa drili, maji yakimiminika na bomba likinyonya, akiyatoa vipande vipande ili asilitikise jino. Mpindo ule wa shavuni ulikwenda na kipande cha pili. Alikuwa ameukazia macho, na alipouona umekwenda aliendelea na kipande cha tatu. Chini ikatokea saruji, rangi ya samli iliyoganda, uso wake umelainishwa vizuri.

Hapo ndipo alipokwama. Ukuta wa upande wa ulimi ulikuwa chini karibu na ufizi, na resini haipendi penye unyevu. Alitaka kwanza kuweka pale saruji ya unga wa kioo, ambayo inashika hata jino lenye unyevunyevu kidogo, na humo inatoa dawa ya kulikinga jino lisioze tena. Vidonge vyake vya kuchanganywa na mashine vilikuwa vimekwisha; ilibaki ile ya unga na maji, ya kukoroga kwa mkono. Kuikoroga kunataka mikono miwili. Kulikinga lile jino na mate kunataka mikono miwili mingine.

"Mzee, ng'ata pamba hii. Nakuja."

Alifungua mlango wa nyuma. Nyumba yao ilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, na mama yake, mwenye miaka sabini na tisa, alikuwa barazani anakunja nguo zilizokauka.

"Mama! Njoo unisaidie kukoroga."

Mama aliinua kichwa. Kwa miaka yote ile thelathini na minne yeye ndiye aliyekuwa mkono wa pili wa kliniki: mume anachimba, mke anakoroga. Hakuingia tena chumba kile kwa kazi tangu mumewe aache.

"Kukoroga nini?"

"Saruji."

Aliweka nguo chini bila kuuliza la pili.

Alipoingia alinawa hadi viwiko, akavaa glavu, akainama juu ya kiti. "Shemeji," alisema, "mbona umezeeka hivi?"

Seremala, mdomo umejaa pamba, alinyoosha kidole kumwelekezea Mama mwenyewe, akatoa sauti iliyokusudiwa kuwa tusi la utani.

"Sijasikia," alisema Mama. "Nyamaza utibiwe."

Daktari alimpa kioo na kumsogezea taa. Mama alichungulia, akafinya macho, akachungulia tena.

"Hii ni yangu," alisema.

"Utajuaje, Mama?"

"Rangi. Huu unga wa njano tulipata maboksi machache tu, baadaye wakaleta wa kijivu. Baba yako aliupenda. Ulikuwa mkaidi, ukiutia wote kwa pamoja unachemka unaganda kabla hujafika mdomoni. Nilikuwa naweka kile kioo cha kukorogea kwenye beseni la maji baridi, nakikausha, halafu natia unga kidogo kidogo, nautandaza kioo kizima upoe." Alisimama wima, mkono kiunoni. "Unaitoa?"

Daktari alikuwa ameshaipima. Aliigonga tena kwa ncha ya chuma ili mama yake asikie, ikatoa sauti kavu ya jiwe. Pembeni hakukuwa na weusi wala ulaini.

"Haina kosa," alisema. "Siigusi. Nitajenga juu yake."

Mama aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa chai iko tayari.

"Sasa sikiliza," daktari alimwambia, huku akipanga pamba mpya. "Hii ya leo si kama yako. Haina subira. Nusu dakika tu. Usiitandaze, ikunje. Na niipate ikiwa bado inang'aa. Ikififia, haishiki tena."

"Nimesikia."

Lakini mikono ina kumbukumbu zake. Mama alitia unga, akauvuta kwenye matone ya maji, akaanza kuutandaza kwa mapana, kushoto kulia, kwa mwendo uleule wa zamani. Daktari alimwacha. Saruji ilipomfikia ilikuwa imefifia kama ukuta uliopakwa rangi ya bei rahisi.

"Imekufa," alisema Mama mwenyewe. "Lete nyingine. Na usinitazame."

Mara ya pili aliukunja unga kwa mikunjo mifupi, kifundo cha mkono kinacheza, midomo inahesabu bila sauti. Alipoinua kijiti, uzi mwembamba wa saruji ulining'inia unang'aa kama maziwa mabichi. Daktari aliupokea, akaushindilia pale chini ya ukuta uliovunjika. Wakasubiri dakika chache, Seremala akitazama dari.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Asidi ya buluu kwenye kingo za jino kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na tano, maji mengi, hewa, mpaka gamba la jino likawa jeupe bila mng'ao, kama mbao iliyopitishwa msasa. Kisha gundi, nyembamba kama jasho. Kisha resini, tabaka moja jembamba baada ya jingine, kwa sababu ikiganda hujikunja kidogo, na ukiitia yote kwa mkupuo itajibandua ukutani. Mama alishika bomba la kunyonya mate kana kwamba jana tu aliliweka chini. Kila taa ya buluu ilipowaka aligeuza uso.

Daktari alichonga pembe mpya kwa kufuata pembe ya jirani yake, akachora mifereji. Kwenye ule wa katikati alisimama kidogo. Angeweza kuupindisha. Aliuacha unyooke, kwa sababu ndivyo jino la juu lilivyotaka likae, na kwa sababu huo ndio ulikuwa mkono wake.

Seremala aling'ata karatasi ya rangi, akaambiwa asage, akasaga. Alama moja ilikuwa nzito, ikapunguzwa. Akang'ata tena.

"Limefika?" daktari aliuliza.

"Limekaa kama droo," alisema mzee. Alipitisha ulimi juu ya jino, kwa upande wake ambao haukuwa na ganzi, akajitazama kwenye kioo. "Sioni ulipoanzia."

Alipoondoka, baada ya kukatazwa maharage hadi ganzi iishe na baada ya kubishana na Mama juu ya nani kati yao ana mvi nyingi, chumba kilibaki na harufu ya karafuu na spiriti. Mama alikuwa anasugua kioo cha kukorogea chini ya bomba. Daktari alivua barakoa.

"Mama, ulijua kwamba baba alikuwa anajifunza kubandika?"

"Nilijua. Usiku nani alikuwa anamshikia tochi? Jikoni, juu ya meza. Meno ya watu kwenye meza yangu ya chakula." Alisugua kwa nguvu zaidi. "Aliniapisha nisiseme."

"Mimi nilidhani nimemfukuza. Lile neno nililomwambia siku ile."

Mama alifunga bomba. Hakuharakisha kumfariji, hakuwa mtu wa namna hiyo. "Ulimsema vibaya," alisema. "Mbele ya mgonjwa, tena. Alikasirika siku mbili, hakula vizuri. Siku ya tatu akaniambia, huyu mtoto ana maneno makali lakini ana haki, nataka nione hiyo kazi yake. Basi akaenda kwa shemeji. Kila jioni alikuwa ananisimulia. Leo binti amejenga jino la mbele la mtu, huwezi kulijua. Ananisimulia mpaka nasinzia."

Daktari alikaa kwenye kigoda. Machozi yalikuja bila kelele, naye hakuyazuia, na Mama alimwacha alie, akiendelea kupanga vijiti kwenye trei kwa urefu, kirefu kushoto, kifupi kulia, kama alivyovipanga siku zote.

Alipomaliza alivuta glavu zilizokuwa zimelegea vidoleni. "Huyo msaidizi wako anarudi lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Na kesho una wagonjwa wangapi?"

"Saba."

"Basi saa mbili nitakuwa hapa. Ila utafute glavu ndogo. Hizi si mimi ninayezivaa, ni zenyewe zinanivaa."

Alikuja kesho yake, na siku zilizofuata, isipokuwa zile ambazo magoti yalimkatalia. Ilipofika wiki ya pili hakuna saruji iliyofifia mkononi mwake. Wagonjwa wa zamani walipomkuta pale walishangaa, wakaanza kuulizana habari za miaka ile, na mara nyingi daktari alilazimika kuwaomba, kwa heshima zote, wanyamaze kidogo ili apate kuwaziba.